Presha ya Macho na Mwezi Nilioigiza Dawa

Nesi wa kliniki hii ya macho kaniambia, "Bibi Somoe, waambie wenzio mambo yako, sisi tunaandaa tena mashine." Kaniambia kwa ile sauti yake ya puani, "Bibiii, waambieee." Msicheke, ananisikia, ila kazoea.

Haya. Mie ni wa Malolo, wilaya ya Ruangwa. Hapa Nachingwea nimefikia kwa mdogo wangu Hadija, huyu mwenye kanga ya njano, anayeangalia chini kama bibi harusi. Shule sikwenda. Herufi hata ikinigonga njiani siijui. Ila mdomo Mungu kanipa. Mtu akiongea mara moja tu namchukua sauti, namchukua na mwendo. Kwenye harusi za kwetu wananiweka jikoni, kwa sababu wanawake wakicheka kazi inakwenda. Timu yetu ya Namungo ikicheza, watu wanarudi jioni wananikuta nawatangazia mpira ambao sikuuona: "Anapiga chengaaa! Kaanguka mwenyeweee!" Ndiyo nilivyokuwa, na ndiyo nilivyo.

Na macho nilikuwa nayo. Sindano natunga uzi mara moja. Korosho nachambua kwa kuitupia jicho tu, hii safi, hii imenyeshewa, hii ndani hamna kitu. Zuhura binti yangu, ninayeishi naye tangu baba yake afariki, alikuwa akichambua gunia lake mie napita nyuma narudia, namtolea mbovu kumi. Ananuna. "Mama, wewe unatafuta makosa." Namwambia, "Sitafuti, yananiita yenyewe."

Ugonjwa ulianzaje? Hapo ndipo shida. Haukuanza. Malaria inakutetemesha, jino linakulaza macho wazi, tumbo linakupeleka mbio. Huu ulikaa ndani ya macho yangu miaka, haukunigusa hata kwa ukucha.

Nilichokiona mie ni vitu kuhama. Namimina chai, inakwenda pembeni ya kikombe. Nakwenda jikoni, sufuria inanigonga goti la kulia, namgombeza Zuhura, "Nani kaweka sufuria njiani?" Anasema, "Mama, ipo palepale kila siku." Napita mlangoni, bega la kulia linakwaruza ukuta. Kila siku la kulia. Nikasema uzee, nikasema kiatu, nikasema Zuhura ni mchafu.

Halafu nikapata jina la kuupa. Salfa.

Nyie wa mikorosho mnaijua. Ukifika wakati wa kupulizia mikorosho dawa, ule unga wa njano unaingia kila mahali. Unauona kwenye nguo, kwenye mboga, mpaka kwenye mate. Macho yanawasha, yanakuwa mekundu, kijiji kizima tunatembea kama tumetoka msibani. Mie na Zuhura tunapuliza wenyewe, yeye anabeba mashine, mie nabeba gunia la unga. Kwa hiyo nikasema, bila shaka ni salfa. Msimu ukiisha macho yatarudi. Msimu ukaisha, wekundu ukaisha, kikombe bado kinahama. Nikasema basi ni salfa ya mwaka jana imelala ndani.

Nikaenda duka la dawa. Kijana akaniambia, "Bibi, hii weka, utaona." Nikaweka, macho yakapoa, yakawa meupe kama ya mtoto. Ikiisha naenda tena. Sikupimwa, hakuniuliza, wala mie sikumuuliza. Nimeweka dawa ile misimu miwili. Baadaye daktari alikuja kuniambia kwamba dawa nyingine za kupoza wekundu, ukiziweka muda mrefu bila kupimwa, zenyewe zinapandisha presha ya jicho. Kumbe nilikuwa nalisha nyoka maziwa.

Sasa siku ya ng'ombe.

Kwetu siku hizi wapo jirani zetu Wasukuma, wamekuja na mifugo. Mmoja anaitwa Masanja, mtu mrefu, akicheka anapiga mapaja. Asubuhi moja natoka kisimani, ndoo kichwani, natembea zangu. Ghafla nimegonga ukuta wa joto. Ukuta una manyoya. Ukuta unapumua! Ndoo chini, mie chini, kwato zinapita huku na huku, vumbi, na Masanja anapiga kelele: "Bhibhi! Bhibhi we! Ng'ombe zote hizi hukuziona?"

Nikamwambia, "Umezileta kimyakimya."

Akasema, "Kimyakimya? Na kengele hizi?"

Kengele nilizisikia. Nilidhani zipo mbali. Kwa sababu kama zipo karibu, si ningeziona? Kundi zima la ng'ombe lilikuwa upande wangu wa kulia, na upande wangu wa kulia palikuwa safi, njia na majani tu. Hakuna giza pale, msidhani mtu anaona giza. Hakuna kitu tu. Kama hujui kwamba pana kitu, huwezi kujua kwamba hukioni.

Watu wakacheka wiki nzima. Na mie nikacheka, nikamwigiza Masanja kila jiko: "Bhibhi we!" Lakini moyoni kitu kilikuwa kimeshakaa.

Siku chache mbele naoga, sabuni ikaniingia jicho la kushoto. Ikawasha, nikalibana kwa kiganja. Nikafungua la kulia nitafute kata ya maji.

Hakuna kata. Hakuna ndoo wala makuti ya bafu. Upo mwanga kidogo tu, mchafu, kama unachungulia ndani ya chupa ya kahawia. Nikatoa mkono kwenye la kushoto, dunia ikarudi. Nikaweka mkono, dunia ikaondoka. Nikatoa, nikaweka. Nilisimama uchi na mapovu mwilini, nafungua na kufunga dunia, mpaka Zuhura akaita, "Mama, umelala humo?"

Nikajibu, "Najisugua." Kwa sauti yangu ya kawaida kabisa.

Sikumwambia. Mwezi na zaidi sikumwambia. Mnajua kwa nini? Mama yetu mie na Hadija alikufa kipofu. Watu walisema karogwa na mke mwenzie. Mie ndiye nilikuwa nimeshika ncha ya fimbo mbele, yeye kashika ya nyuma, nampeleka chooni, nampeleka kwenye maziko. Na mtoto mjinga mie, nikifika kwa wenzangu naiga. Natembea mikono mbele, mdomo wazi, napapasa hewa. Watoto wanaanguka kwa kicheko. Siku moja kumbe yupo nyuma ya nyumba. Akasema, "Ntoto we. Unanicheka mie?" Basi. Hakunipiga. Sauti yake hiyo sijaitoa mbele za watu maisha yangu yote, leo ndiyo nimewatolea.

Kwa hiyo nikawa nalala naiona fimbo. Naona Zuhura mbele, mie nyuma. Asubuhi kabla sijasema bismillahi naziba la kulia nione la kushoto lipo. Lipo. Mchana tena, alasiri tena. Hata hilo la kushoto nikaanza kuona limepunguzwa pembeni, kama mtu anayesogeza pazia kidogo kidogo, ukimtazama anasimama, ukigeuka anasogeza.

Zuhura alinikamata kwa mwiko. Ameninyooshea mwiko nionje chumvi, umekuja kwa kulia, mie nimekaa tu. Akaupeleka kushoto nikauona. Akaurudisha kulia. Nikatulia. Akasema polepole, "Mama. Tangu lini?" Nikasema, "Tangu lini nini?" Akaanza kulia pale pale, mwiko mkononi, mchuzi unadondoka.

Hospitali Ruangwa wakati ule walikuja wataalamu wa macho, wametangaza kwa kipaza sauti. Tukaenda. Nikapangwa foleni, nikasomeshwa zile alama za kwenye karatasi, kwa sisi tusiosoma unaonyesha tu mkono, mguu wa ile alama umeelekea wapi. La kushoto nikaonyesha vizuri, najisifia. La kulia nikaonyesha juu, yule dada anayepima akasema, "Bibi, ukuta upo huku." Halafu nikatiwa dawa ya ganzi, wakanisogezea kidude kwenye mboni, wakapima. Daktari mwenyewe kijana, mpole, anaongea kama anasoma dua: "Bibi, angalia mbele. Bibi, usipumue kwa nguvu. Bibi, tulia." Akaangalia muda mrefu.

Nikamwambia, "Mwanangu, nitolee tu huyo mtoto wa jicho nikapike." Kwa sababu namjua jirani yangu, alitolewa mtoto wa jicho, kesho yake anahesabu vifaranga.

Akasema, "Bibi, huyu si mtoto wa jicho. Hii ni presha ya macho. Glakoma."

Nikasema, "Presha mie sina, nimepimwa mkono."

Akasema, "Ya mkono ni nyingine, ya jicho ni nyingine. Ndani ya jicho kuna maji. Si machozi, ni maji ya ndani. Yanatengenezwa kila siku na kutoka kila siku. Kwako njia ya kutokea imeziba. Yanatengenezwa, hayatoki vizuri. Yanajaa, yanasukuma. Yanabana mshipa wa nyuma, ule unaopeleka picha kichwani. Mshipa unakufa taratibu, unaanzia pembeni. Ndiyo maana hukuona ng'ombe."

"Sasa utafungua, nitaona."

Akavuta kiti karibu. "Bibi, kilichokufa hakirudi. La kulia limekwisha. La kushoto limeshaliwa pembeni. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Utaweka kila siku, maisha yako yote."

Zuhura akauliza, "Hata asipoumwa?"

"Hataumwa. Ndiyo ubaya wake. Kuna presha ya macho ya ghafla, jicho linauma, kichwa, mtu anatapika, huyo anakimbia hospitali siku hiyohiyo. Hii ya bibi haipigi hodi."

Akaniuliza, "Kwenu kuna aliyepofuka?" Zuhura akasema, "Bibi yangu." Daktari akaandika. Akasema, "Ndugu zako wa damu wote wapimwe, na watoto." Nikamtajia ile dawa ya dukani, akanieleza ubaya wake, nikafunga mdomo, na kunifunga mie mdomo si mchezo.

Nikarudi Malolo na vichupa viwili. Kimoja tone moja kila jioni, kingine asubuhi na jioni. Zuhura kavitundika juu ya kitanda kwenye kimfuko. Miezi ile ya mwanzo niliweka kama askari. Nikarudi kupimwa, daktari akatabasamu: "Imeshuka, bibi. Endelea hivyohivyo." Nikarudi naimba njia nzima.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipojiua mwenyewe.

Mwezi wa kufunga ukaingia. Mie sijawahi kuacha kufunga tangu nivunje ungo, ila kwa uzazi. Na ile dawa, mnaoweka mnajua, ukitia jichoni baada ya muda unasikia uchungu kooni. Nikajiuliza, kama inafika kooni, si nimekula? Swaumu yangu ipo wapi? Mtu wa kumuuliza ni shehe wetu. Lakini shehe wetu huyo ndiye ninayemwigiza kila harusi, anavyokohoa kabla ya khutba, "Ehem! Enyi ehem! Waislamu!" Na anajua. Nikaona aibu. Nitaendaje kwa mtu niliyemcheka miaka kumi nikamwambie naomba unisaidie? Nikatoa fatwa mwenyewe. Dawa tunaiacha mpaka Idi. Kwani inauma? Haiumi. Macho nayo yapumzike.

Mtaniuliza, na baada ya futari je? Baada ya futari nilikuwa nimeshaizoea raha ya kukaa bila dawa. Huo ndio ukweli.

Shida ilikuwa Zuhura. Anasimama mlangoni kama polisi, "Mama, dawa." Basi mie nikafanya ninachokijua. Nikaigiza. Asubuhi na jioni nashusha kichupa, nainua uso juu, nafungua jicho kwa kidole, nakiinamisha. Kizibo sijakitoa, nimekificha kwa vidole. Napepesa, nakunja uso kama inawasha, najifuta shavu kwa kanga. "Aaah! Leo imekaza!" Zuhura anasema, "Pole mama." Mwezi mzima. Hata Idi ilipopita nikaendelea kuigiza siku kadhaa, mkono umezoea.

Kliniki ikafika. Daktari akapima la kushoto. Akapima tena. Akaita mwenzie, naye akapima.

"Bibi, dawa unaweka?"

"Naweka."

"Kila siku?"

Zuhura akadakia, "Daktari, mie mwenyewe namsimamia. Hajaacha hata siku moja. Namwona kwa macho yangu."

Daktari akashika kichwa. Akasema, "Basi dawa haimfai. Presha iko juu sana. Hebu bibi, tia hapa nione unavyotia, labda tone linakwenda shavuni."

Zuhura akanipa kichupa. Watu wangu, sikufikiria hata kidogo. Mkono ukaenda wenyewe. Uso juu, kidole kwenye kope, kichupa kikainama, nikapepesa, nikakunja uso. "Aaah! Imekaza!" Nikajifuta shavu.

Daktari akakichukua kichupa mkononi mwangu. Akakiangalia. Akakigonga kwa ukucha, ko, ko. Kizibo kilikuwa juu yake.

Zuhura hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, ulikuwa unaniigizia?"

Daktari naye hakunigombeza. Alisema, "Angalia pua yangu, usiondoe macho hapo, niambie ukiona kidole changu." Nikaangalia pua. Nasubiri kidole. Nasubiri. Nikasema, "Mbona huanzi?" Akasema, "Bibi, nimeshaanza. Mkono wangu upo hapa." Nikageuza kichwa, nikauona, anauchezesha karibu kabisa na sikio langu la kushoto. Akaenda juu, sikuona. Akaja chini, nikauona ulipofika karibu na kidevu chake. Akaweka mikono chini. "Mara ya mwisho uliona mbali zaidi ya hapa. Umepoteza kipande. Hakirudi."

Nikaomba nirudishiwe. Nilimshika koti. "Mwanangu, nitaweka asubuhi, mchana, jioni, nitalala nayo jichoni." Akasema, "Utaweka, bibi, lakini sasa haitoshi. Jicho ni moja, presha haina subira. Nakuandikia hospitali kubwa wakafungue njia ya maji."

Upasuaji. Kwenye jicho lililobaki peke yake.

Siku zile za kungoja sikumwigiza mtu. Majirani wakajua naumwa kweli. Masanja alileta maziwa, akakaa, hakupiga mapaja. Nilikuwa nakaa nje nawaangalia kuku mmoja mmoja, namwangalia Zuhura akifagia, nataka niweke akiba. Kovu lake la kidevuni, alipoanguka na mtungi akiwa mdogo, lile nililiangalia mpaka akasema, "Mama, nina nini?" Nilikuwa naogopa kusahau sura ya mwanangu. Mama yangu alikuwa akitupapasa nyuso, mie na Hadija, tunamkimbia, mikono yake ina vitunguu.

Siku ya siku nikalazwa juu ya kitanda chembamba, ukigeuka umeanguka. Hulali usingizi, mnaelewa? Unasikia yote. Sindano ya ganzi wanachoma pembeni ya jicho, hiyo inauma, sitawadanganya, inauma na inasukuma. Baadaye hakuna maumivu, kuna mguso tu, na taa nyeupe, na sauti. Daktari wa pale mwanamke, sauti nzito: "Mkasi. Futa. Bibi, usikohoe." Ukishaambiwa usikohoe, koo lote linawasha. Nikasoma kila nilichojua. Nikifika mwisho naanza upya. Alikuwa anatoboa kijinjia kidogo kwenye weupe wa jicho, chini ya kope ya juu, maji yapate pa kutokea. Haonekani mtu, ni taa tu na vivuli, nikasema moyoni, na huu mwanga ndio wa mwisho, uangalie vizuri.

Wakanifunga bandeji. La kushoto limefungwa, la kulia halina kazi. Wakasema mpaka kesho.

Kuanzia mchana ule nilikuwa kipofu. Si wa kuigiza. Mtu akipita sijui kaja au kaondoka. Chai wakaniwekea, vidole vyangu vikaitafuta mezani kama kuku anayeparua. Nikataka chooni. Zuhura akanishika, akatangulia, mkono wangu begani mwake. Nikanyoosha mkono mwingine mbele. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikajua nilivyo. Nikajua kabisa ninavyoonekana, kwa sababu niliwahi kuufanya mwendo ule watu wakacheka. Katikati ya korido ile nikasimama nikalia, Zuhura anasema, "Mama usilie, bandeji italowa," nami siwezi kuacha.

Kulikuwa na nesi mmoja wa zamu, sauti nene, anakemea wodi nzima: "Nani kala chakula cha mgonjwa wangu?" Nikamjengea mwili kichwani, mwanamke kama ghala. Asubuhi bandeji ikafunguliwa na mikono midogo. Ukungu kwanza. Halafu weupe. Halafu uso, mwembamba, kimsichana cha kukiweka mfukoni, kikaniuliza kwa ile sauti nene, "Bibi, unaniona?"

Nikasema, "Wewe ndiye ghala?"

Zuhura nyuma yake akapiga kigelegele, akafukuzwa wodini.

Sikupewa kipya. Muelewe hapo, watu wengi wanasema Bibi Somoe kapona. Naona kupitia tundu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Katikati naona, pembeni sina. Nikivuka njia nageuza kichwa kizima kama bundi. Daktari aliniambia nisiinue mzigo mpaka atakaporuhusu, nisifikiche jicho, nisiinamie jembe, maji yasiingie, na nikiona wekundu au maumivu nije mbio siku hiyohiyo. Na dawa bado naweka, kichupa kimoja jioni. Natoa kizibo. Zuhura anakishika kizibo mkononi mwake mpaka nimalize, hanikabidhi, na sina haki ya kulalamika.

Kwa shehe nilikwenda mwenyewe. Nikamweleza yote, mpaka ya kumwigiza. Akakohoa, "Ehem," nikang'ata ulimi. Akasema, "Bibi Somoe, tone la jichoni si chakula wala kinywaji. Na mgonjwa ana ruhusa yake. Na hata kama ulikuwa na shaka na mchana, usiku ulikuwa umefunga nini?" Nesi naye alinifundisha, ukishatia, fumba, bana kwa kidole ile kona ya jicho karibu na pua, dawa isishuke kooni. Mie nabana huku nasoma Alhamdu mara tatu polepole. Uchungu siusikii tena. Kitu kidogo hivyo. Kingeulizwa siku ya kwanza, ningekuwa na kipande changu.

Sasa huyu Hadija. Nimemwomba mwaka mzima aje kupimwa. Mama mmoja, baba mmoja. Ananijibu hivi, msikilizeni: "Daaada, mie naona mpaka sisimizi."

"Usiniseme mbele za watu, dada."

Nakusema, Hadija. Hata mie nilikuwa naona korosho mbovu kumi. Jana nimepanda gari kutoka Ruangwa kwa ajili yake, asubuhi hii nimemvuta mkono. Akasema atakuja wiki ijayo. Nikamwambia haya, twende tu unisindikize. Ndiyo yupo hapa, na ameshapimwa, mnaona alivyotulia? Wamemkuta nayo. Changa, haijala kitu. Wamempa kichupa.

"Nitaweka, dada. Nimeshasema nitaweka."

Utaweka na nitakupigia simu. Na kizibo nitakuuliza kiko wapi.

Namshukuru Mungu, nawashukuru waliotia mikono yao, na Zuhura kuliko wote, maana mie nilimdanganya naye akaendelea kunishika. Nanyi, ndugu wa mtu mwenye ugonjwa huu, njooni mkiwa mnaona. Mkisubiri mpaka mgonge ng'ombe, mmechelewa. Dawa ya duka bila kupimwa, acheni. Kichupa chako usimgawie jirani, wala usichukue chake. Ukiwa na jambo la dini, uliza. La aibu, uliza. Na daktari akikuuliza unaweka, na wewe huweki, mwambie siweki. Atakugombeza, kugombezwa kunapita.

Nesi huyo anatoka. "Bibiii, ni weweee."

Eh. Na mie leo napimwa, si kwamba nimekuja kuhubiri. Sijui iko juu, sijui imetulia. Tangu alfajiri nimeliziba la kulia mara nne. Hilo siigizi. Hadija, nishikie mkoba. Hapana, usinishike mkono, mlango nauona.